Ganda Lisilolia

Kiwandani walimwita Sikio, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi moja tu: kuyasikiliza maganda ya risasi. Asubuhi alivaa aproni yake ya turubai, akafungua kreti, akachota maganda matupu kwa viganja viwili na kuyamwaga juu ya bamba la chuma lililoinamishwa kidogo. Yalishuka yakigongana na kulia. Ganda zima la shaba ya manjano lina mlio mwembamba unaokaa hewani kidogo kabla haujafa. Lenye ufa, hata ufa mwembamba kuliko unywele, mlio wake hukatika, kama kikombe cha udongo kilichopasuka kikigongwa na kijiko. Sikio alimwaga, akanyoosha kidole, akalidaka lile bovu kabla halijafika mwisho wa bamba. Wageni walidhani ni kiini macho.

Kazi hiyo hakuipata chuoni. Alifundishwa na fundi aliyemtangulia, mtu mkali, ambaye kwa miezi minane hakumruhusu aguse ganda hata moja. "Kaa hapo, funga mdomo, sikiliza." Baadaye alijinunulia kitabu cha madini kilichokosa kurasa za mwanzo, akakisoma na kamusi pembeni mpaka jalada likaachana na kurasa. Siku hizi mtu anafundishwa siku mbili, chai ikiwa juu ya shirika, anapewa cheti chenye picha yake, na kesho yake anamwelekeza aliyekula chumvi nyingi kuliko baba yake.

Kila kreti ilitoka na muhuri. Wa Sikio ulikuwa namba kumi na saba, kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, alichokifunga kwa kamba kwenye mkanda wa suruali. Muhuri ule ulisema jambo moja: maganda haya yamepita mikononi mwa mtu anayejulikana, na mwenye malalamiko aje, atamkuta hapo hapo kwenye benchi lake.

Mwaka wake wa mwisho kazini ndipo lilipokuja ganda jipya.

Jeshi lilitaka bunduki mpya. Fulana za kuzuia risasi zilikuwa zimekuwa ngumu, risasi za zamani zinagonga na kudondoka, basi risasi ikatakiwa iende kasi zaidi. Na kasi haiokotwi njiani. Baruti lazima isukume kwa nguvu kubwa zaidi, na kitu cha kwanza kusukumwa ni ganda lenyewe. Injinia aliwakusanya wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa mashine. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na tisa, mpole, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na asiyeandika na hata moja.

"Wazee wangu, shaba imefika mwisho wake," alisema. "Ukizidisha shinikizo, kitako cha ganda kinatanuka na hakirudi. Tundu la fataki inayowasha baruti linapanuka, fataki inachomoka, gesi ya moto inarudi nyuma."

"Inarudi kwa nani?" aliuliza Mama Mapipa, mkuu wa sehemu ya kuoshea, mwanamke mnene aliyekuwa na kicheko cha kutikisa madirisha.

"Kwa anayepiga bunduki."

"Usoni?"

"Usoni, mama."

Mama Mapipa hakucheka.

Dawa yake, Injinia alieleza, ni ganda la vipande viwili: mwili wa shaba, kitako cha chuma cha pua, vimebanwa pamoja kwa mashine mpaka vikashikana kama kitu kimoja. Chuma kinabeba mzigo, shaba inatanuka na kuziba chemba ya bunduki kama ilivyofanya siku zote. Sikio hakulipinga hilo. Aliyajua matundu yaliyopanuka, aliwahi kuyatupa kwa mamia. Wazo lilikuwa zuri na aliwaambia wenzake hivyo.

Kilichomchoma ni kamera. Pamoja na ganda jipya iliwekwa mashine ya ukaguzi, kabati jeupe lenye macho sita ya kioo, lililopiga picha kila ganda na kuwasha taa ya kijani au nyekundu. Benchi la Sikio likasukumwa kando ya stoo ya mafagio. Hakuna aliyemwambia aache kazi, hakuna aliyemwambia aendelee. Kanuni ya kreti kutoka na muhuri ilikuwa bado haijafutwa, basi wakawa wanamletea kreti zilizokwisha kupita kwenye kamera, azigonge muhuri tu. Kama mtu anayeitwa harusini kuja kushika mlango.

Yeye aliendelea kuyamwaga. Kreti mbili za kwanza zilikuja za mfano, zimetengenezwa na kumalizwa huko mitambo iliponunuliwa. Mlio wake ulikuwa mgeni: mzito, mfupi, wenye chuma ndani yake. Ilimchukua wiki mbili kuuzoea.

"Mzee wangu, bado unayapigia ngoma?" Injinia alimtania akipita.

"Nayasalimia. Wewe hata hodi kwao hujapiga."

Kreti ya tatu ilikuwa ya kwanza kutengenezwa hapo hapo kiwandani. Kamera ilikuwa imeipitisha yote, taa ya kijani mwanzo mpaka mwisho. Sikio alichota, akamwaga, akasimama. Akachota tena. Hakuna lililokatika mlio, hakuna lililolia kama kikombe kibovu. Yalikuwa yamenyamaza tu. Yaligonga bamba kama mawe yaliyofungwa kwenye kitambaa.

Aliyachagua sita, akaenda kwenye karakana ndogo wakati wa mapumziko, akalibana la kwanza kwenye jiliwa na kulipasua kwa msumeno wa chuma, kutoka mdomoni hadi kitakoni. Mahali shaba ilipokutana na chuma palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, umeviringika ndani ya maungio kama uchafu wa ukucha. Akanusa. Ilikuwa tindikali. Akalipasua la pili, la tatu. Yote sita yalikuwa yanalika ndani, huku nje yanang'aa kama vyombo vya bi harusi.

Akaenda moja kwa moja sehemu ya kuoshea.

"Mama Mapipa, haya maganda mapya mnayaosha vipi?"

"Unaniuliza mimi? Si kama ulivyotuagiza?" Akaonyesha ukutani kwa mwiko mrefu wa mbao. Maandishi ya rangi nyekundu yalikuwa pale kwa miaka ishirini na sita, kwa mkono wa Sikio mwenyewe: TINDIKALI MARA MOJA. MAJI MOTO MARA MBILI. USIKAUSHE KWA MOTO MKALI. "Hapa hapindishi mtu. Yule Injinia wako alituletea karatasi, nikamwambia baba, sisi tunayo sheria yetu. Akasema haya, endeleeni."

Sikio aliyasoma tena yale maandishi. Shaba ikipata moto mkali inalegea, ndiyo maana aliyaandika. Ganda la kipande kimoja halina pa kuficha maji. Ukilitandaza kwenye sinia asubuhi, mchana ni kavu. Lakini hili lilikuwa na maungio. Tindikali iliingia katikati ya shaba na chuma, maji moto hayakuifikia, na bila moto haikutoka. Ilibaki humo ikila. Mbele ya macho yake alikuwa na kosa lililotengenezwa na utii wa watu wema kwa sheria nzuri, na sheria yenyewe ilikuwa yake.

"Mbona umekauka hivyo?" aliuliza Mama Mapipa. "Kuna nini?"

"Msioshe lingine mpaka nirudi."

Alimkuta Injinia kwenye kabati lake jeupe. Akamwekea vipande mezani. Kijana aliviangalia, akavigeuza, na kusema haki, uso wake ulibadilika.

"Hii haionekani kwa nje."

"Ndiyo maana nakuletea ndani."

"Lakini mzee, sampuli zilipita majaribio yote. Cheti tunacho."

"Sampuli zilikuja zimeoshwa kwao. Hizi tumeosha sisi. Cheti chako ni cha maji ya watu wengine."

Injinia alikuna kidevu. Alisema kesho saa nne wageni wa jeshi wanakuja, kila kitu kimepangwa, afadhali waende kwa Meneja. Na kwa Meneja walipofika, yule Injinia aliyekuwa ameona kwa macho yake alisimama karibu na dirisha na kusema kwamba "kuna uwezekano mdogo wa unyevu." Uwezekano mdogo! Kutu imekaa mezani kama mgeni aliyekwisha karibishwa, na mtu aliyesoma miaka kumi na saba anaiita uwezekano. Zamani fundi akiona ufa alisema ufa. Hakukuwa na neno lingine, na hakuna aliyelitafuta.

"Kesho ni risasi tano tu," Meneja alisema. "Tano. Kati ya elfu mbili."

"Anazipiga nani?"

Meneja alifungua faili ambalo hakuwa na haja ya kulifungua. "Mpigaji wetu."

Mpigaji wao alikuwa binti wa marehemu kaka yake Sikio. Alimlea tangu ana miaka sita, akampeleka shule, akamwingiza kiwandani, naye kwa ustadi wake mwenyewe akafika chumba cha majaribio. Wenzake walimwita Jicho. Utani wa kantini ulikuwa kwamba familia ile imebakiza Pua tu wafungue hospitali yao.

"Anapigia wapi? Kwenye jiliwa?"

"Begani. Wageni wanataka kuona inavyoshikika mkononi."

"Basi sigongi muhuri."

"Mzee, usinifanyie hivyo."

"Sigongi."

Meneja alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. Sikio alifungua fundo kwenye mkanda wake, na vidole vyake vilichelewa kwa sababu fundo lilikuwa halijafunguliwa miaka mingi. Akaweka muhuri mezani, si kiganjani. Kabla ya saa ya kutoka kreti ya tatu ilikuwa imeshagongwa namba kumi na saba, tena juu chini.

Nyumbani yeye na Jicho walikaa sebuleni jua likiwa bado linaingia dirishani, chakula kimefunikwa, hakuna aliyekifunua. Alimpa lile ganda lililopasuliwa. Jicho alilipeleka kwenye mwanga.

"Baba mdogo, ni yote, au haya sita?"

"Niliyamwaga yote. Yote yamenyamaza."

"Kunyamaza si kupasuka."

"Mwanangu, mimi nakwambia..."

"Unaniambia kwa sikio. Mimi kesho nitawaambia nini? Kwamba baba yangu mdogo kasikia vibaya? Mbele ya wakubwa wenye nyota mabegani?" Alisimama. "Nimepiga risasi laki moja katika chumba kile. Mwanamke peke yangu. Siku ya kwanza walinipa kiti, wakadhani nimekuja kuandika. Nikikataa kesho, hawatasema ganda bovu. Watasema kaogopa."

"Waseme!"

"Wewe watasema na utarudi kwenye benchi lako. Mimi sina benchi."

Sikio akapandwa na hasira. Akamwambia kwamba hakumlea ili uso wake uwe kipimo cha watu wavivu. Kwamba kama kamera ina macho sita basi iipige yenyewe hiyo bunduki, itabakiwa na matano. Kwamba kosa la kuoshea ni lake, ameliandika yeye ukutani kwa brashi yake, na akilala leo bila kulisema basi ni yeye atakayekuwa amempiga usoni.

Jicho alikaa tena. "Kosa ni lako vipi?"

Akamweleza. Tindikali, maungio, moto mkali, utii. Alieleza polepole, na alipofika mwisho binti alikuwa amelishika lile ganda kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoshika kitu kichafu.

"Ungeanza na hili," alisema. "Unaanza na sikio, mtu atakuelewaje?" Akafunua chakula. "Kula, baba mdogo. Niachie mimi."

"Utafanya nini?"

"Kula."

Saa nne asubuhi wageni walisimama nyuma ya kioo kinene cha chumba cha majaribio, watano, na Meneja, na Injinia. Sikio hakualikwa. Alisimama kwenye korido, karibu na ndoo za mchanga, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha ngumi. Aliona bega la Jicho, fulana yake ya kijivu, vifunika masikio shingoni. Aliona akiinua bunduki mpya, akiipima uzito, akiirudisha chini.

"Wageni waheshimiwa," alisema kwa sauti ya kazini, "kreti ya kwanza kutoka kwenye mashine yoyote, hapa kwetu tunaanzia kwenye jiliwa. Dakika mbili tu."

"Hilo halikuwa kwenye ratiba," Meneja alisema kwa tabasamu lililomwonyesha meno na kumficha macho. "Piga begani, binti."

"Baada ya hizi tano, mzee."

"Nimesema begani."

"Nimesikia."

Na huku akisema nimesikia alikuwa anaibana bunduki kwenye jiliwa kubwa la sakafuni, anafunga kamba kwenye kifyatulio, anarudi nyuma ya ukuta wa matofali. Mgeni mmoja alicheka na kusema, "Ana kichwa kigumu huyu." Ya kwanza ikalia vizuri. Ya pili vizuri. Meneja alikwisha kuanza kusema "Mnaona..." ilipolia ya tatu, na haikulia kama zile mbili. Kitako kiliachana na mwili wa ganda. Gesi ilirudi nyuma, ikachana upande wa chemba, na kipande cha chuma chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kikaingia kwenye mbao za ukuta, mahali ambapo, kama mtu angekuwa amesimama na bunduki begani, pangekuwa shavu lake la kulia.

Jicho alitoka nyuma ya ukuta, akatazama zile mbao, akashika mlango. Sikio alimwona, naye akageukia ndoo za mchanga kwa sababu hakutaka kuonekana.

Mtu angedhani habari imeishia hapo: wamwombe radhi mzee, wamrudishie benchi lake, wamsifu binti. Lakini siku ya nne Meneja alimwita Sikio ofisini na kumsomea taarifa. Taarifa ilisema mfumo wa ukaguzi ulifanya kazi ipasavyo kwa sababu kasoro iligunduliwa katika majaribio. Ilisema chanzo ni utaratibu wa kuoshea uliopitwa na wakati, ulioandikwa na mfanyakazi mwenye muhuri namba kumi na saba, ambaye muhuri wake ndio uliopo kwenye kreti. Kuhusu kamera, hakuna. Kuhusu vipande sita vilivyopasuliwa, hakuna. Chini palikuwa na mstari wa sahihi.

"Muhuri mliugonga nyinyi."

"Uko kwenye kreti, mzee."

"Tena juu chini."

Meneja alisugua paji la uso. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Sikio zaidi. Mbaya angemtukana na kupumua. "Sikiliza. Wakubwa wanataka sababu moja. Ama ni kuoshea, ama ni mpigaji aliyekaidi amri mbele ya wageni. Kuna watu hapa wanasema aliibana bunduki vibaya, ndiyo maana ikapasuka."

"Wanasema hivyo?"

"Wanaweza kusema."

Sikio aliisoma taarifa yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha akairudia. Alisahihisha kwa kalamu mahali walipokosea jina la tindikali. Akatia sahihi. Meneja alimpa mkono, naye akautazama ule mkono kama anavyotazama ganda, akatoka.

Jicho alimkuta nje ya geti, amekaa kwenye ukuta mfupi, vitu vyake vimo kwenye mfuko mmoja wa karatasi.

"Umesaini nini?"

"Kustaafu mapema."

"Usinidanganye. Mama Mapipa kaniambia, analia huko hata mwiko kautupa. Kwa nini umekubali? Narudi ndani sasa hivi, nawarushia fulana yao."

"Huendi kurusha kitu."

"Nani alikwambia unibebe, baba mdogo? Mimi mtoto?"

"Nimekubeba tangu una miaka sita, leo ndiyo umeona uzito?" Akashuka ukutani, na hasira aliyokuwa ameikalia siku nne ikapanda yote. "Walichoandika ni uongo, lakini kile cha kuoshea ni kweli, na kweli siwezi kuikataa kwa sababu imesemwa na waongo! Niliandika ukutani usikaushe kwa moto mkali. Sikuandika kwa nini. Miaka ishirini na sita wanaisoma kila asubuhi, hakuna hata mmoja, injinia, meneja, mama, hakuna aliyeniuliza mzee, kwa nini tusikaushe kwa moto? Angeuliza ningemjibu, kwa sababu ni shaba. Naye angeniambia, lakini hii chini yake si shaba. Basi. Maneno mawili tu, yangetosha. Na mimi mwenyewe nilimwaga kreti mbili nikijisifu naujua mlio, sikwenda kuoshea kuuliza. Zamani tuliulizana. Mpaka tukagombana, tukaulizana."

Watu wa zamu ya mchana walikuwa wanaingia getini, wengine wanamsalimia Sikio, wengine wanatazama viatu vyao.

"Wanaanza kreti ya nne Jumatatu," Jicho alisema. "Injinia ameweka tanuri."

"Joto kiasi gani?"

"Sijui."

"Na nani atakayezipiga?"

"Mimi."

"Basi rudi ndani ukamuulize joto kiasi gani," Sikio alisema, "na akikujibu, muulize kwa nini."

Alimsukuma begani, lile la kulia, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Jicho aliinua mkono kumzuia, akaushusha, akaingia getini akiwa ameshakunja uso kabla hajafika kwa Injinia.